Makala yasiyotoa moshi



Juma lililopita tulipitisha hewani kipande kifupi kuhusu mazuku, na tangu siku hiyo simu ya redio haijapumzika. Wengi wanauliza kama mazuku na sumu ya makala ni kitu kimoja. Baba mmoja wa Ndosho alisema yeye hujilinda na vyote viwili kwa mshumaa: ukizimika anatoa watoto nje, ukiendelea kuwaka analala. Nilipomsikia niliona dakika tano za redio hazitoshi. Ndiyo sababu naandika.

Jibu fupi nilitoe mapema, kwa mwenye megabaiti chache. Si kitu kimoja. Mshumaa unaweza kukuonya juu ya mazuku. Juu ya gesi ya makala hautakuonya kwa wakati. Utaendelea kuwaka vizuri huku waliolala karibu yake wanakufa.

Jibu refu limo ndani ya daftari la mtoto wa dada yangu. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, kitengo cha sayansi, anajitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Kila jioni anasoma kemia ya kaboni kwa sauti, kwa Kifaransa, akitembea uani na tochi ya simu: mwako kamili, mwako usio kamili, mwako kamili, mwako usio kamili, kama mtu anayesali rozari. Jioni moja dada yangu alikuwa anapika maharagi, nami nikamwambia yule binti, nionyeshe kwenye mbabula hii ni wapi mwako kamili na ni wapi usio kamili. Akanitazama. "Mjomba, hii ni ya mtihani."

Simlaumu. Hata mimi nilisoma kemia kwa chaki tu, na tulipomaliza sekondari hakuna aliyekuwa ameshika hata kichupa kimoja cha maabara. Lakini maabara tunayo. Kila ua la mji huu lina mbabula, na kila mbabula inafanya kazi iliyoandikwa katika daftari lile. Basi tulikaa chini, yeye na daftari, mimi na maswali ya wasikilizaji, mama yake akituambia tusimwangushie sufuria.

Tulianzia kwenye mti. Ubao, kuni, hata jani la sombe, vyote vimejengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni zilizoshikana katika minyororo mirefu. Mchomaji wa makala kule Masisi au pembeni mwa hifadhi ya Virunga anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anaacha matundu machache, kisha anawasha. Hataki moto mkubwa. Anataka joto bila hewa. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, nao kwa sehemu kubwa ni maji yanayotoka kwenye mti. Baadaye unakuwa wa manjano na unachoma macho. Humo mna lami, mna asidi ile ile iliyomo katika siki, na mna pombe ya mti ambayo ikinywewa hupofusha. Moshi ukiwa mwembamba na wa bluu, mchomaji anajua kazi imekwisha, anaziba matundu yote. Daftari linasema jambo hilo kwa mstari mmoja:

(C6H10O5)n → 6n C + 5n H2O

Yaani maji yameondoka, kaboni imebaki. Kwa kweli mambo ni machafu kuliko mstari huo, maana sehemu kubwa ya kaboni nayo inapotea katika moshi. Kwa tanuru la udongo, kilo kumi za mti huacha kilo moja au mbili za makala. Gunia unaloliona limefungwa juu ya chukudu likishuka kutoka Sake lilikuwa miti mingi.

(Ndugu zetu wa Tanzania wanaotusoma: ninyi husema mkaa, na makala kwenu ni maandishi kama haya. Hapa kwetu makala huchafua mikono.)

Sasa moto. Makala ni karibu kaboni tupu, na kaboni ikipata hewa ya kutosha huungana na oksijeni hivi: C + O2 → CO2. Kilo 12 za kaboni huchukua kilo 32 za oksijeni na kutoa kilo 44 za dioksidi ya kaboni. Huo ndio mwako kamili. Hewa ikiwa haba, kaboni inachukua nusu tu ya oksijeni iliyohitaji: 2C + O2 → 2CO. Hapo kilo 12 huchukua 16 na kutoa kilo 28 za monoksidi ya kaboni. Kwenye karatasi tofauti ya CO2 na CO ni tarakimu moja. Damu yako haioni hivyo.

Binti alidhani, kama wengi wetu, kwamba mbabula inafanya ama hili ama lile. Nilimwomba atazame vizuri. Makala yakiwa mengi na yamekolea, juu yake hucheza miali midogo ya bluu. Umewahi kuiona, kila mpishi ameiona. Hewa inaingia kwa matundu ya chini na kukutana na makala ya kwanza, inatoka dioksidi. Dioksidi hiyo inapanda katikati ya makala mekundu, na kaboni ya moto sana inainyang'anya sehemu ya oksijeni yake: CO2 + C → 2CO. Kwa hiyo ndani ya rundo lile jekundu gesi ya sumu inazaliwa kila mara, hata mbabula ikiwa nzuri, hata mpishi akiwa hodari. Ikifika juu ikakuta hewa na joto la kutosha, inawaka na kuwa dioksidi tena. Miali ya bluu ni sumu inayoungua mbele ya macho yako.

Shida inaanza miali ile inapozimika. Makala yamebaki mekundu, yamevaa majivu, hayatoi moshi hata kidogo. Joto la juu halitoshi tena kuichoma gesi inayopanda, basi inatoka ilivyo. Na saa hiyo hiyo ndiyo saa mama zetu husema: moshi umekwisha, sasa tunaweza kuiingiza ndani.

Hapa binti aliacha kuandika. Maana ndivyo tulivyolelewa sote. Moshi ndio mbaya, moshi unakohoza watoto, ngoja moshi uishe. Nani angefikiri kwamba moshi ulikuwa unatusaidia kwa kutufukuza? Monoksidi ya kaboni haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo.

Ndani ya mwili inafanya kazi moja tu, nayo inaifanya vizuri mno. Damu hubeba oksijeni kwa kitu kinachoitwa hemoglobini. Monoksidi hushika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Kama teksi yenye viti vinne, abiria mmoja akakaa na kukataa kushuka, kisha wa pili, wa tatu. Teksi inazunguka mjini, inaonekana imejaa, lakini anayengoja oksijeni haipati. Kichwa kinauma, kinazunguka, unatapika, miguu inakuwa maji, usingizi unakuvuta. Aliyekwisha lala haamki kusikia hayo.

Mwaka 2023 nilikuwa nikienda mara kwa mara Bulengo, wakati kambi zilipojaa watu waliokimbia vita Masisi na Rutshuru. Mama mmoja alinisimulia usiku wake. Mvua ilikuwa inapiga tangu alasiri. Maharagi yalikuwa bado magumu, na watoto watatu walikuwa wanatetemeka juu ya mawe ya volkano, mkeka mmoja chini yao. Alingoja moshi uishe, akaingiza mbabula, akashusha turubai mpaka chini na kuweka mawe juu yake ili maji yasiingie. Aliamshwa na kilio cha mtoto mchanga. Kichwa, alisema, kilikuwa kama kimepasuka, na miguu ilikataa. Alitambaa akasukuma turubai, akawavuta watoto mmoja mmoja matopeni. Mkubwa alitapika mpaka asubuhi. Wote walipona.

Majirani walimpa maelezo matatu. Wa kwanza akasema ni malaria. Wa pili akasema ni uchawi. Wa tatu, mzee mwenyeji wa pale, akasema ni mazuku yametoka chini ya ardhi. Na huyo wa tatu hakuwa mjinga hata kidogo, kwa sababu Bulengo mazuku yapo kweli.

Watoto wa Goma wanajifunza neno mazuku kabla ya kujifunza kuandika. Upepo mbaya, wazee hulitafsiri hivyo. Ni dioksidi ya kaboni inayopanda kutoka chini ya volkano na kupenya katika nyufa za lava, hasa magharibi mwa mji, kandokando ya ziwa, upande wa Himbi, Keshero, Lac Vert, Bulengo mpaka karibu na Sake. Hakuna aliyeichoma. Molekuli yake ina uzito wa 44 na hewa ya kawaida ina wastani wa 29, kwa hiyo inatiririka kama maji na kujaa mashimoni na mabondeni. Usiku na alfajiri, jua halijatoka na upepo umetulia, inakuwa nyingi zaidi. Mbuzi anayeshuka shimoni kula majani hufa, mbwa anayemfuata hufa, na mara nyingi mtu anayeshuka kumwokoa mwenzake naye hufa. Mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu pua yake iko chini, na anayelala chini yuko hatarini kuliko anayesimama.

Hewa tunayovuta ina dioksidi ya kaboni kiasi cha sehemu 4 kati ya 10,000. Ikifika sehemu 1 kati ya 10, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache, na moto wa mshumaa nao unadhoofika na kuzimika. Ndiyo maana mshumaa wa baba wa Ndosho una maana fulani kwa mazuku, ingawa nisingependa alale akiutegemea: siku unapozimika, aliyelala mkekani ameshakunywa hewa hiyo. Lakini monoksidi huua ikiwa kidogo sana, sehemu chache kati ya 1,000 zinatosha, na kwa kiasi hicho mshumaa hausikii chochote. Tena uzito wake ni 28, karibu sawa na hewa. Haishuki chini, haikai juu, inajichanganya na hewa yote ya chumba. Kumlaza mtoto juu ya kitanda kunaweza kumsaidia kidogo na mazuku. Kwa gesi ya makala hakumsaidii.

Nirudi kwa yule mama. Alipotoka tu nje nafuu ilianza kuja, polepole. Watu wanne waliugua saa moja, usiku mmoja, hakuna aliyekuwa na homa, na mbabula ilikuwa ndani. Sisemi mimi ni daktari, ila muuguzi niliyempelekea habari hiyo hakuhitaji kufikiri sana. Malaria haiingii nyumba nzima kwa saa moja na kutoka turubai linapofunuliwa.

Nimesikia njia nyingi za kinga, na kwa kuwa zinaua watu nitazisema wazi. Beseni la maji kando ya mbabula: monoksidi haiyeyuki katika maji isipokuwa kidogo mno, beseni linakaa tu. Chumvi juu ya makala: hakuna inachobadilisha. Kumnywesha aliyezimia maziwa au mafuta ya mawese: gesi iko kwenye damu, imeingia kwa mapafu, na mafuta yanaenda tumboni, aliyezimia anaweza kupaliwa nayo, akafa kwa dawa badala ya sumu. Kuacha tundu dogo la dirisha: ni bora kuliko kuziba, lakini sitamwambia mtu alale hivyo.

Kinachosaidia ni mbabula kukaa nje, na kutolewa nje kabla ya kulala hata kama mvua inanyesha na makala yamebaki ya kesho. Najua hiyo ni rahisi kuandika. Makala yaliyobaki ni pesa. Yafunike kwa majivu au yazimwe kwa kuyatia ndani ya sufuria kuukuu yenye kifuniko, nje. Yakikosa hewa kabisa yanakufa na kesho yatawaka tena. Kwa baridi, chemsheni maji kabla ya kulala, tieni katika bidoni inayofunga vizuri, izungushieni kitenge, iwekeni miguuni mwa watoto. Nimeona familia nyingi zikifanya hivyo Kanyaruchinya, ambako usiku hauna huruma. Na mkiamka watu wawili au zaidi na vichwa vinauma, tokeni wote kwanza, mtauliza maswali nje. Aliyezimia apelekwe kwenye kituo cha afya. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu huondoka damuni kwa saa nne au tano. Kwa oksijeni ya chupa, kwa muda wa saa moja hivi au kidogo zaidi.

Kwa mazuku ni kupanda. Usishuke, usimfuate aliyeanguka shimoni, ita watu, tafuteni kamba.

Dada yangu alikuwa amesikiliza yote haya akigeuza maharagi, akauliza swali lake, ambalo lilikuwa la bei. Je, moto ukikosa hewa, makala yanadumu zaidi? Swali zuri kuliko yote ya jioni ile. Yanadumu, ndiyo, lakini anayalipia. Kilo moja ya kaboni ikiungua kikamilifu hutoa joto la karibu megajuli 33. Ikiishia kwenye monoksidi hutoa 9 tu. Karibu robo tatu ya joto alilolinunua sokoni inaruka na ile gesi bila kugusa sufuria. Kwa hiyo mbabula iliyojaa majivu, yenye matundu yaliyoziba, inakula pesa na inatoa sumu kwa wakati mmoja. Alichukua kijiti akaanza kuzibua matundu hapo hapo.

Na bei hiyo hailipwi kwa faranga peke yake. Hifadhi ya Virunga ipo tangu 1925, na miti yake imegeuka makala kwa miaka mingi mbele ya macho yetu. Sokwe wa milimani waliouawa mwaka 2007 walihusishwa na biashara hiyo. Wanawake wa kambini waliokwenda porini kutafuta kuni walibakwa. Tuliwahoji, tukaficha sauti zao. Kambi nyingi zilivunjwa mwanzoni mwa 2025 baada ya M23 kuingia Goma, watu wakarudi vijijini au wakabanana kwa ndugu mjini, wengine vyumba vya mbao ambavyo nyufa zake zimezibwa kwa plastiki ili baridi isiingie. Chumba cha namna hiyo ni kibaya kuliko hema lililotoboka.

Binti alikuwa amefika ukurasa wa methani. Akasoma: CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O. Nikamwonyesha upande wa ziwa, ingawa ilikuwa giza. Chini kule, katika maji mazito ya kilindi, Kivu limeshika kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani na 300 za dioksidi ya kaboni. Sehemu ya methani hiyo imetengenezwa na vijidudu vinavyochukua dioksidi ya volkano na kuiunganisha na haidrojeni: CO2 + 4H2 → CH4 + 2H2O. Linganisha mistari hiyo miwili. Kile ambacho moto unakivunja, vijidudu vinakirudisha, gizani, bila haraka. Upande wa Rwanda, huko Karongi, mtambo wa KivuWatt unavuta maji kutoka kina cha mita 350 hivi. Yakipanda mgandamizo unapungua, gesi inatoka kama soda iliyofunguliwa, nayo inatoa umeme wa megawati 26. Mwezi Julai 2022 Kinshasa nayo iliweka mnadani vitalu vitatu vya gesi upande wetu.

"Basi kwa nini tunapika na makala?" aliuliza. Mama yake akacheka, si kwa furaha. Nilimweleza habari za fedha, za vita, za mikataba, na kwamba ziwa lenye dioksidi nyingi kiasi hicho halichezewi: mwaka 1986 ziwa Nyos la Cameroun, dogo mno kuliko letu, lilitapika gesi yake usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700. Aliandika tarehe hiyo pembeni mwa daftari. Sidhani kama itaulizwa kwenye mtihani.

Jumamosi tunarudia kipindi cha mbabula na mazuku, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kinyarwanda na Kihunde, kwa ajili ya wazee wanaorudi vijijini. Walimu wa kemia wanaotaka kuja studio na daftari zao, waje. Mwenye mbabula kuukuu asiyehitaji, atuletee. Tunataka kuonyesha namna ya kuzibua matundu.